Mkate wa Mchele, Miaka Kindu Ilipokuwa Kisiwa

Kosa langu lilikuwa hili: katika miaka ya vita, mwezi wa Ramadhani, nilichachusha mkate kwa tembo la michikichi, yaani pombe, nikawauzia Waislamu wa Kindu wafuturu nao, na nikanyamaza. Nimeliweka hapa mwanzoni kwa sababu ninajijua. Nikiliacha mpaka katikati, nitaanza kulivalisha nguo.

Ninyi vijana mnaowasha matanuri yenu Kasuku, Mikelenge na ng'ambo ya mto kule Alunguli, mmeniuliza mara nyingi namna tulivyoishika kazi hii wakati kila kitu kilipokatika. Huwa ninajibu kwa mzaha, halafu mnaondoka na mkate wa bure bila jibu. Sasa mgongo umekataa kuinama mbele ya tanuri, nimekaa nyumbani, na mikono isiyo na kazi imenilazimisha kuandika. Msinitafutie mpangilio wa miaka. Nitaandika kama ninavyokumbuka.

Hakuna aliyenifundisha kuoka. Kabla ya vita nilikuwa mbeba magunia stesheni ya treni, na magunia niliyoyagombania ni yale ya farini, unga wa ngano, kwa kuwa yalikuwa laini mgongoni. Siku moja gunia lilipasuka. Nikaruhusiwa kuzoa uliomwagika, nikaupeleka nyumbani, nikautia maji, nikauchoma ndani ya sufuria. Likatoka jiwe. Mtu mwingine angecheka na kuacha. Mimi nilikosa raha wiki nzima. Nilijenga tanuri la udongo wa kichuguu, likapasuka. La pili likapasuka vilevile. La tatu nilichanganya udongo na mabua ya mpunga yaliyokatwakatwa, na hilo ndilo lililosimama miaka yote. Shikeni hilo: udongo mtupu ukikauka hujikunja, mabua huuzuia. Na kujua joto hakutaki mashine. Tupa unga kidogo sakafuni mwa tanuri. Ukiwa mweusi papo hapo, funga mlango ukapige stori na jirani. Ukibadilika pole pole kama mtu anayeona haya, ingiza mikate.

Nilikuwa na ugonjwa wa kutaka kila kitu kiwe sawasawa. Mkate uliopinda niliurudisha motoni mpaka uwe mkaa, watu wasije kuuona. Mke wangu alikuwa akiniibia ile iliyopinda kabla sijaichoma na kuwapa majirani, nami nikijisifu kwamba mimi Mulongo sina mkate mbovu. Mtaa mzima ulikuwa unaijua mikate yangu mibovu kwa ladha, isipokuwa mimi.

Juzi redioni nilisikia wakizungumza habari za visiwa vidogo baharini. Wanasema meli ikikosa kuja, au dhoruba ikipiga, maduka madogo ya huko ndiyo ya kwanza kuumia, kwa sababu karibu kila kitu kinatoka nje. Nilicheka peke yangu. Sisi bahari hatuijui, lakini kisiwa tumekikaa. Wakati wa vita treni iliacha kuja. Boti za Ubundu ziliacha kuja. Njia ya Pangi na njia ya Kibombo zilikuwa na watu wenye silaha, na mtu akienda shambani kilomita chache tu, watu wa nyumbani walikaa wakimhesabia saa. Kilichobaki ni ndege ndogo, na ndege haiulizi tanuri lako linataka nini. Siku moja ilileta farini bila chumvi. Siku nyingine ilileta bia.

Hamira, ile sisi tunaita levire, ilikwisha kabla ya farini. Nataka mwelewe hali yangu. Nilikuwa na magunia manne ya unga na sina cha kuuinua. Nilijaribu kuoka hivyohivyo, ikatoka mikate bapa, migumu. Kwa mtu kama mimi ilikuwa kama kutembea barabarani bila suruali. Nikakumbuka kwamba tembo la michikichi linafoka lenyewe ndani ya dumu. Nikamwomba mgema mmoja aniletee kidogo asubuhi, nikalimimina katika unga. Jamani, ule unga ulipanda. Ulijaa bakuli ukainua kitambaa. Mkate ukatoka mwekundu juu, mwepesi, unapumua. Nililia machozi ya kweli mbele ya tanuri.

Sikuwaza kitu kingine chochote. Hapo ndipo kosa lilipo. Nusu ya mkate wangu iliuzwa na Bwana Ramazani, fundi cherehani wa mtaa wa Waungwana, Waislamu wa zamani wa mji, aliyeuweka juu ya meza yake ya kukatia nguo. Hakuwa mtu wa biashara kubwa. Watu walinunua kwake kwa sababu ni yeye. Akisema kitambaa hakitachuja rangi, hakichuji. Ramadhani ilikuwa imeanza, chakula cha kufuturia kilikuwa haba, na mkate wangu mpya ukapendwa kupita kiasi. Siku ya tatu Ramazani aliniambia watu wanauliza nimepata wapi levire. Nikasema, ni maji ya ndizi mbivu. Uongo huo ulitoka mdomoni wenyewe, mzuri na wa mviringo kama mkate.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa najua. Siwezi kusema sikujua. Kila alasiri nilipompelekea Ramazani kikapu nilijiambia kwamba moto umeshaunguza tembo lote, kwamba hakuna anayelewa, kwamba Ramadhani itaisha. Na niwaambie la aibu zaidi: sikuogopa dhambi. Niliogopa kurudi kwenye mkate bapa.

Aliyenikamata ni mke wa Ramazani, Mama Zaina. Yeye alikuwa anapika vitumbua tangu usichana wake, na kwa kuwa mumewe alimsimulia habari ya maji ya ndizi, akajaribu nyumbani. Unga wake haukupanda kama wangu. Akaja kwangu asubuhi na bakuli lake chini ya mtandio, kwa adabu kabisa, ili nimwonyeshe amekosea wapi. Nilianza kumweleza mambo ya ndizi gani na ndizi gani. Wakati ninaongea, yeye alikuwa anaangalia ndoo iliyofunikwa pembeni. Akaenda, akainua kitambaa, akainama.

"Mulongo," alisema, "hii ndizi ilipanda mu muchikichi?"

Nikarudia habari za ndizi.

"Usinifanye muntu hana pua. Hii njo tembo."

Nikaanza kusema kwamba moto unaunguza. Hakunipandishia sauti. Alifunika ndoo vizuri kama alivyoikuta.

"Weye uko mukristo, hakuna mwenye atakuuliza kitu. Lakini bwana yangu njo anawekea watu hii mukate mu mukono, na wamefunga. Jina yenye itakufa hapa haiko yako. Nitapita njia ya soko, nitachelewa. Nikifika nyumbani, nikute umeshamwambia mwenyewe."

Akaondoka na bakuli lake. Nimeonywa na askari wenye bunduki maishani mwangu, na hawakuniogopesha kama yule mama aliyenipa muda wa kwenda sokoni.

Nilimkuta Ramazani anashona suruali ya mtu. Wazee wawili walikuwa wamekaa barazani pake. Nilitaka kusubiri waondoke, halafu nikaona kwamba nikisubiri nitapata uongo mwingine. Nikasema palepale. Cherehani ilisimama. Ramazani alikata uzi, akakunja ile suruali, akaiweka juu ya mkate wa siku hiyo uliobaki, kama mtu anayefunika kitu asitake kionekane. Aliniuliza jambo moja tu, ni tangu siku gani. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole majina ya nyumba zilizonunua, akavaa kofia, akasema, "Tutembee."

Nilidhani ananipeleka msikitini au kwa polisi. Hapana. Tulikwenda nyumba kwa nyumba, kila nyumba iliyokula mkate ule, na kila mlangoni Ramazani alitoa salamu, akasema maneno mawili ya kuomba radhi kwa niaba yake mwenyewe, kisha akasogea pembeni ili mimi niseme la kwangu. Alinifanya nilirudie mlango baada ya mlango mpaka likakosa mapambo yote. Nyumba ya kwanza nilieleza habari za vita na levire na ndege. Nyumba ya kumi nilisema: niliweka tembo, nilijua, niliwaficha.

Watu walipokea kila mmoja kwa namna yake. Bibi mmoja alifunga mlango taratibu bila neno, na hiyo iliniuma kuliko matusi. Mzee mwalimu wa chuo cha Kurani alisema aliyekula bila kujua hana mzigo, lakini aliyejua na ajipime mwenyewe. Kijana mmoja dereva wa pikipiki alisema, "Kumbe njo maana nilikuwa nasinzia mu tarawehe. Nilifikiri ni imani inapungua." Mama yake akampiga kibao cha bega, lakini niliona naye anajizuia kucheka. Ramazani hakucheka. Alikuwa anatembea mbele yangu, mgongo wake umenyooka, na nikaelewa kwamba kila mlango ulikuwa unamlia kitu ambacho alikuwa amekikusanya maisha yake yote.

Baada ya siku ile hakuna aliyenunua. Waislamu waliacha kwa sababu ya tembo, na Wakristo waliacha kwa sababu, walisema, aliyemficha jirani atanificha na mimi. Tanuri lilipoa. Ndege nayo ikakaa bila kuja, na unga uliobaki ukaanza kuingia wadudu. Meza ya Ramazani ikabaki na nguo tu, na hata nguo zilipungua. Nilipita mbali na mtaa wake. Nilimwambia mke wangu tuache, nitafute kazi ya kupasua kuni. Aliniuliza kuni za kwenda tanuri la nani.

Sikukuu ilikuwa imepita Mama Zaina alipokuja tena. Safari hii alikuwa na chungu kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Ndugu zake wa Lokandu walikuwa wamempandishia mchele kwa mtumbwi, umefichwa chini ya samaki wa kukausha, hivyo ulinuka samaki na hatukujali. Ndani ya chungu kulikuwa na mchele ule, umelowekwa, umetwangwa, umeachwa uchachuke na masalio ya vitumbua vya jana. Ulikuwa unatoa vipovu vidogo vidogo.

Akasema, "Tanuri iko yako, mikono iko yangu. Lakini mulango tunaacha wazi, na ndoo hazifunikwi kama muntu iko anapita. Mwenye anataka kuonja, aonje."

Nikamwuliza kama mumewe anajua amekuja. Akasema mumewe ndiye aliyembebea kile chungu mpaka pale njia panda, isipokuwa hataki kuniona bado.

Mkate wa mchele ulinivunja kichwa. Nilianza kuukanda kama ngano, nikidhani ninajua. Ukapasuka kama matope ya kiangazi. Mchele hauna ule mvutano wa ngano, hauwezi kujishika wenyewe. Mama Zaina aliniacha nihangaike mara tatu, kisha akanionyesha. Chukua sehemu moja ya unga wa mchele, uipike uji mzito sana, uache upoe mpaka kidole kikae ndani bila kuungua. Changanya na unga mbichi uliolowa. Uji ndio utakaoshika. Tia chachu ya jana, ngoja, na usiukande: umimine. Tulikata makopo ya mafuta ya msaada, fundi bati akayapinda kingo, tukayapaka mawese. Mkate ukishiba hewa hautapanda sana, utatoboka juu kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Ndiyo dalili njema hiyo. Usipotoboka, chachu imekufa.

Nilipotoa ile ya kwanza nikaona matundu, mipasuko, rangi ya udongo, mkono wangu ukaenda kuirudisha motoni. Mama Zaina alinishika kifundo.

"Wacha. Mukate haiko bibi-arusi, hatuipeleke kwa watu waiangalie. Watu wako na njaa."

Akakata kipande, akala mbele yangu, akasema chumvi haitoshi. Chumvi yenyewe haikuwepo mjini.

Wateja walirudi kidogo kidogo, na walirudi kwa kukagua. Mlango ulikuwa wazi kweli. Wanawake waliingia, wakachovya kidole ndani ya ndoo, wakaonja, wakajadiliana, wakamwita jirani naye aonje. Asubuhi moja walionja mpaka nikakosa mikate miwili. Nilitaka kulalamika, lakini Mama Zaina akanitupia jicho. Siku yule bibi aliyenifungia mlango alipokuja kuchovya kidole, nilijifanya ninachochea moto ili asione uso wangu. Alionja, akasema huu ni kama mkate wa nyumbani kwa nyanya yake kule Kasongo, akachukua mmoja.

Ramazani alikawia. Wiki zilipita. Halafu alasiri moja nilimwona amesimama mlangoni na kikapu chake kitupu, kile kile cha zamani. Hakuzungumza habari za nyuma. Alisema, "Nipe kumi. Yenye haikuungua." Nikampa. Nikaona amerudi kuiweka juu ya meza yake ya kukatia nguo, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya milango nilikula nikashiba.

Tuliishi hivyo mpaka vita vilipopungua. Tulijifunza mengine njiani. Mchele ukiwa haba tuliongeza muhogo uliosagwa, robo tu, ukizidisha unakuwa gundi. Tuliwapa akina mama wa Alunguli majivu na makapi ya tanuri kwa bustani zao za lenga-lenga, ile mboga ya mchicha, nao walitukumbuka walipovuna. Chachu hatukuiweka nyumba moja. Kila jioni Mama Zaina alipeleka kikombe kwake, mimi nikabaki na kimoja, na dada wa mke wangu akawa na kingine ng'ambo. Mara mbili watu walikimbia mtaa wetu kwa risasi na kurudi wakakuta kila kitu kimemwagwa, na mara zote mbili tulianza upya kwa kikombe cha mtu mwingine. Sikuwa nimefundishwa hayo na mtu yeyote wa vitabu. Nilidhani duka linasimama kwa bidhaa nzuri. Kumbe lilikuwa linasimama kwa idadi ya watu ambao wangesikitika likifa.

Treni iliporudi na farini ikarudi, waokaji wote walitupa makopo ya mchele, na wateja nao walitaka mkate mweupe. Mimi niliendelea na sinia moja ya mchele kila siku. Watu walidhani ni ukaidi wa mzee. Ilikuwa woga, nakubali. Mimi ni mtu wa woga. Lakini woga ule ulitufaa. Miaka hii ya karibuni mto umefurika kama ambavyo sijawahi kuona, maji yameingia ghala za Alunguli na kuozesha unga, mvua zimekula tuta la reli na treni ikakaa wiki na wiki bila kufika. Mvua yenyewe haijui tena miezi yake. Kuna mwaka mpunga ulilala ndani ya maji kabla ya kuvunwa, hata mchele ukawa taabu, tukaenda kwenye muhogo na ndizi za kukausha. Mwaka huo vijana watatu kati yenu walikuja kuniomba kikombe cha chachu. Ilikuwa ile ile, au mjukuu wake.

Ramazani alifariki, Mungu amrehemu, na kofia yake ilikuwa imekunjwa juu ya cherehani siku tulipokwenda kumzika. Mama Zaina yupo, macho yamepungua, anaonja kwa harufu tu, na bado anasema chumvi haitoshi. Binti yake Zaina ndiye anayeendesha tanuri sasa pamoja na binti yangu.

Nimeulizwa kilichobadilika tangu wakati ule. Vita vimetulia hapa mjini, lakini bado mara nyingine hatufikiwi na kitu. Kilichobadilika ni kwamba ngano ikikosekana, tanuri letu halizimwi, linabadili mkate. Na siku mkate unapobadilika, mteja anaambiwa umo nini kabla hajaushika.